Tuta la Ndalahwa

Mlinzi wa lambo akifariki, sauti yake hupandikizwa ndani ya tuta la udongo, nayo husema pale tu maji yanapovuja. Tuta la Ndalahwa halikuvuja. Tangu azikwe, mjane wake Kalunde hakuwa amesikia hata neno.

Ndipo akashika jembe. Perege walitulia majini, korongo wakamtazama, naye akachimba tutani mpaka maji yakachuruzika.

“Mama Ngolo,” tuta likasema, “hilo si jembe langu?”

“Ndilo, baba.”

“Mpini unacheza. Nilikwambia uuloweke.”

“Hata kaburini huachi kunisema!” Kalunde akacheka, akaendelea kuchimba. Ikawa desturi yake ya kila asubuhi.

Afisa wa maji alipokuja kukagua, Kalunde alikuwa ameufunika mfereji aliouchimba kwa matete.

“Mzee, kuna mahali panavuja?” afisa akaita.

Chini ya matete maji yalikuwa yakipita. Tuta likanyamaza.

“Tuta ni zima kabisa,” afisa akasema, akaondoka.

Kalunde alitazama bondeni, chini ya tuta, ambako moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni kwa Ngolo, mtoto wao.

“Ameondoka?” Ndalahwa akauliza kwa upole. “Haya, chimba.”