Kilo Tisa na Nusu

Mtoto aliyebebwa na Jhalo hakuwa wake, na mkono ulikwisha kufa ganzi kwa uzito. Somru, wa kumzaa mwenyewe, alikuwa nyumbani kwa bibi yake, mbavu zikihesabika hata na mtu aliyesimama mlangoni.

Ilikuwa siku ya mizani ya watoto kwenye kituo cha afya. Mwezi uliopita kadi ya Somru ilitiwa rangi nyekundu, ya utapiamlo. Ikija nyekundu mara ya pili, mama na mtoto wanapakiwa gari hadi hospitali ya wilaya, siku kumi na nne za uji wa maziwa. Na Alhamisi mdogo wake Jhalo, kitindamimba, alikuwa anaolewa. Kuikosa harusi ile, Jhalo aliona bora afe. Bangili za kuvaa alikuwa ameshaziazima, basi akaona aazime na mtoto.

Bibi Manjhari wa sokoni, mlezi wa watoto wa watu, alimtoa kibonge huyu wa miezi kumi kwa kipande cha tumbaku. Hakuuliza anapelekwa wapi, na Jhalo naye hakuuliza ni wa nani.

"Umrudishe kabla mamake hajatoka kazini," bibi alisema. "Na umpake wanja. Watu wana jicho."

Jhalo alimpaka doa la wanja mpaka likafunika na nyusi.

Kituoni, mpimaji mpya aliyehamia wiki iliyopita alimtazama mtoto, akamtazama Jhalo, kisha akamtazama mtoto tena.

"Huyu ndiye Somru?"

"Ndiye, dada."

Watoto waliotangulia waliipigia mizani mayowe. Huyu alivishwa ile kaptura ya kupimia huku anacheka, akaning'inia anarusha mateke kwa raha zake.

"Kilo tisa na nusu," mpimaji akasoma taratibu. "Mwezi uliopita, sita na nusu."

"Mayai, dada." Somru wake yai hajawahi kulionja. Jhalo akainua macho kwenye picha za vyakula zilizobandikwa ukutani, akaendelea. "Na dengu. Na karoti. Na... huyo samaki."

"Karoti za shamba gani, mwenzetu?" sauti ikauliza kwenye foleni. Wanawake wakaziba midomo kwa pindo za sari.

"Hachagui chakula?" mpimaji akauliza.

"Achague nini? Usipomwahi anatafuna na sahani."

"Na usiku je, analala?"

Hapo Jhalo akanogewa. Harusi aliiona hii hapa, na uongo ukawa unamtoka wenyewe bila kusukumwa.

"Usiku? Akifumba jicho ni mpaka jogoo! Hata umpigie ngoma sikioni, hageuki."

Mpimaji akaweka kalamu chini. Akamvua mtoto ile kaptura, akaketi naye mkekani, akafungua vifungo vya blauzi. Mtoto akalirukia ziwa kwa pupa, mikono miwili.

"Basi nifundishe, dada yangu," mpimaji akasema, akimfuta wanja usoni. "Maana kwangu hajalala usiku hata mmoja tangu nimzae."