Pilau la Mzee Kibwana

Kila askari magereza alipewa mfungwa mmoja. Mfungwa akikaa, cheo kilipanda. Akiachiwa, askari alirudi kuwa kuruta na kuhama nyumba ya kota. Msamaha wa Mzee Kibwana ulipofika, mke wa Sajenti Nsajigwa alipika pilau.

“Mpelekee. Mwambie watoto wanamwamkia.”

Nsajigwa alimwekea mzee hotipoti, na fomu ya msamaha kando yake. Kibwana alikula akamaliza, akairudisha fomu bila saini.

“Nyumba yenu ina watoto watatu, afande. Mwambie mkeo chumvi imezidi kidogo.”

Nsajigwa alitaka kusema, “Saini, mzee, uende kwako.” Maneno yalishafika mdomoni, lakini mkono wake ulikuwa umeanza kuzungusha ufunguo, kuifunga selo.