Aliyekataa Kufumba Macho

Mwinjilisti Benjamini aliposema "na tuombe," kila mtu chumbani aliinamisha kichwa, ila Dokta Hezekia. Yeye aliinua uso akatazama tundu la panya juu kabisa, pale ukuta wa udongo unapokutana na bati. Mama yake mzazi yuko taabani kitandani, na mwanamume mzima hata kufumba macho hataki. Ndivyo alivyokuwa.

"Amina," wakaitikia.

"Hezekia hakufumba," akasema Bibi Efrazia kutoka kitandani, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo tu.

Klara, dada mkubwa, akasonya. "Mama anamjua mwanawe. Hata leo, Hezekia?"

"Hata leo, dada."

Wala hakuanza leo. Tangu utotoni, kanisani pale kijijini kwao Mgwashi, wenzake wakiinama yeye alihesabu mbao za dari. Mama yake alikuwa akimfinya paja, kila mara, na hakumfinya hata mara moja kwa kumsingizia. Nyumbani zilifuata fimbo za baba, mzee wa kanisa. Hazikusaidia kitu. Alikua, akasoma, akarudi Lushoto kuwa mtafiti wa tauni, na akawa anasema waziwazi, hata msibani, kwamba Mungu hayupo.

Tauni ilipoingia kijijini mwaka uliopita, Benjamini alitangaza mfungo wa siku tatu. Hezekia akaja na mitego ya panya na dawa ya viroboto. Watu wakamfungia milango. Adhabu ya Mungu, walisema, haitegwi kwa mtego. Nyumba ya kwanza kumfungulia ilikuwa ya mama yake, na majirani wakasema ndiyo hivyo, mama ni mama, atafanyaje.

Benjamini alifunga Biblia. "Dokta, mama yako anasubiri jambo moja tu, sala ya mwanawe. Maneno manne, matano. Utapungukiwa na nini?"

"Na ukweli, Mwinjilisti."

"Huo ni ukaidi."

"Siku hizi si Rais anasema kila kitu ruksa? Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa. Kutoamini tu ndiko marufuku?"

"Usipomwombea," Klara akasema, machozi yanamtoka, "udongo wa kaburi lake hutaugusa. Naapa."

Hakuna mtu ambaye Hezekia alimpenda duniani kama mama yake, na maneno ya dada yalimchoma. Lakini hakuinama.

"Tokeni," Bibi Efrazia akasema. "Nataka aniombee tukiwa wawili."

Wakatoka. Klara akaurudisha mlango, akamtupia mdogo wake jicho la mwisho la kumsihi.

Hezekia aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Haya," mama akasema. "Niombee. Mwambie Mungu anipokee."

Angeweza. Nani angejua? Wangapi wamesema maneno hayo bila kuyaamini, wakashikwa mikono na kupongezwa mlangoni? Yalimfika kooni kabisa, na hapo hapo akayachukia.

"Mama, siwezi. Hakuna anayesikiliza. Nitakushika mkono mpaka mwisho, na nitakulilia, lakini sitakudanganya."

"Hata nikifa sasa hivi?"

"Hata sasa hivi. Unisamehe."

Akasubiri laana. Mama alimtazama. Kisha mkono wake uliokonda ukatambaa juu ya blanketi, ukalipata paja lake, ukamfinya palepale pa zamani. Alikuwa anatabasamu.

"Miaka hamsini natafuta mtu wa kumwambia," akanong'ona kwa Kishambaa. "Na wewe, na usomi wako wote, hukuwahi kujiuliza. Kanisa zima limefumba macho. Mimi nilikuwa nakuonaje?"