Kiti cha Mpiga Dramu

Siku Sadala alipozikwa, bendi yake ya panki, ule muziki wa magitaa wa kasi na makelele, haikupiga. Jumamosi iliyofuata wenzake walisimama kwenye gereji wanamopigia siku zote, magitaa shingoni, wakabaki kutazamana. Sadala, mpiga dramu wao, ndiye aliyekuwa akigonga vijiti mara nne, ndipo wimbo uanze.

“Mnapiga muziki au mnapiga picha?” mwanamke akafoka kutoka mlangoni.

Ni Raziya, mjane wa Sadala, ambaye hakuwahi kukosa onyesho; alikuwa amekuja kuzichukua dramu akazifungie nyumbani. Badala yake alikaa kwenye kiti cha marehemu, akashika vijiti.

“Shemeji, kwani unajua kupiga?” akauliza mpiga gitaa.

“Kupiga sijui. Kuanzisha najua.”

Akagonga mara nne. Wakalipuka kwa muziki.

Mpaka leo bendi haina mpiga dramu. Raziya huanzisha wimbo, kisha hukaa kimya mpaka ule unaofuata.