Ana kwa Ana na Profesa Pruitt

"Niangalie usoni, Dokta Castellano," alisema Profesa Pruitt, "nikwambie kwa nini nilikunyima kura."

Mwanamke aliyeketi ng'ambo ya meza ya jikoni akamwangalia. Nje, theluji ilikuwa imefunika ngazi.

Kwa miaka thelathini Pruitt, mwalimu wa falsafa ya maadili, alilishwa na kuvishwa na sentensi moja: usimtendee mtu jambo usiloweza kumweleza sababu yake ana kwa ana. Chuo kizima kiliikariri. Lakini kura za kumpa mwalimu ajira ya kudumu hupigwa kwa siri, na Pruitt aliipenda siri hiyo kuliko sentensi yake. Kura moja tu, ya Pruitt, ndiyo iliyomwangusha Castellano. Miaka sita ya kazi, na ifikapo Juni afungashe virago, yeye na binti yake. Alichoomba ni kimoja: aliyemkataa amwambie sababu.

"Kitabu chako chembamba mno," alisema Pruitt.

"Chako kina kurasa tisini, Profesa."

Akakohoa. "Hoja zako hazijakomaa."

"Zipi? Ile ya sura ya tatu, inayobomoa nadharia yako?"

"Hilo halihusiani kabisa!"

"Mbona masikio yamekuwa mekundu, basi?"

Mwanamke akammiminia kahawa, bila sukari, kama anavyopenda. Pruitt akanywa, akaanza upya, safari hii kwa sauti ya upole, ya baba mlezi. Akataja viwango. Akataja heshima ya idara. Akataja jinsi alivyokosa usingizi kwa uchungu, na huo ulikuwa uongo mtupu, maana alikoroma hadi asubuhi.

"Haya," mwanamke akasema mwishowe, amechoka. "Hapo sina la kupinga."

Pruitt akavimba kichwa. Mtu mzima, mvi tele, anafurahi kama mtoto aliyesifiwa kwa kufunga kamba za viatu! "Umeona? Mwenye sababu nzuri hamwogopi mtu."

Kengele ya mlango ikalia. Pruitt akachungulia dirishani, akarudi mbio, uso umempauka, akajibanza nyuma ya jokofu.

"Mwambie sipo," alinong'ona.

Mkewe akainuka kwenye kiti alichokalia tangu asubuhi akimfanyisha mazoezi ya maneno hayo, akaenda mlangoni, akamkaribisha Dokta Castellano jikoni.