Siku Nne Bila Moshi

Siku ya nne hiyo, na jiko la Kalondu bado halijatoa moshi. Wanawe walikuwa wakila kwa jirani.

"Mwanamke asiyewasha moto ameshahama," shemeji yake Nzioka alimkejeli kutoka uani. "Imebaki miguu tu!"

Jumapili, jiwe jeusi lilikuwa limeanguka kutoka angani, puu! katikati ya mbaazi za Kalondu, huko Yatta. Redio ikaeleza kwamba mawe ya aina hiyo hubeba chumvi iliyoachwa na maji ya kale, kabla dunia haijapata mto hata mmoja. Aliye nalo asililoweshe. Daktari Wagaki, mtaalamu wa mawe, angetoka Nairobi Alhamisi kulichukua, na jina la mwenye shamba lingeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Nzioka alisikia karatasi, mengine yalimpita. Tangu kaka yake azikwe, alikuwa akilimezea mate shamba hilo. Jina lake likiandikwa, mjane na watoto watajua pa kwenda.

Jumatano akaingia kwa nguvu. Akapekua ghala, akapekua jikoni, akakanyaga majivu baridi na kutukana. Chini ya kitanda, ndani ya leso, akakuta jiwe jeusi.

"Shemeji, nakuomba, lirudishe!" Kalondu akalia.

"Nenda ukalie kwa mama yako."

Alhamisi akalitoa mbele ya mgeni, likiwa safi.

"Nimelisugua kwa sabuni, daktari. Mgeni hapewi kitu kichafu."

Wagaki akaligeuza mara mbili. "Na weusi wake?"

"Uliishia kwenye karai."

"Mzee, hili ni jiwe la hapahapa."

Nzioka akamgeukia mjane kama nyoka aliyekanyagwa. "Mwongo wewe, Kalondu! Hakuna kilichoanguka! Leo utalala barabarani!"

Wagaki akafunga mkoba wake.

"Daktari," Kalondu akasema polepole, "siku nne sijapika. Njoo uone sababu."

Jikoni, sufuria tupu ilikaa juu ya mafiga. Kalondu akaiinua.

"Kitendawili."

"Tega," Wagaki akajibu, macho yakiwa bado mlangoni.

"Ndugu watatu, mzigo mmoja."

"Mafiga, mama. Hata mtoto anajua."

"Mmoja wao shemeji amemwogesha kwa sabuni. Huyu hapa ni mgeni, ameshika nafasi yake. Sijamgusisha maji wala moto."

Wagaki akapiga magoti kwenye majivu. Kisha, bila kuinuka, akatoa kalamu na ile karatasi yenye muhuri.

"Kalondu nani?"