Mifupa ya Mama Filomena

"Nataka kubaki na bibi peke yake," alisema nesi Shamsia.

Modesta hakutoka. Alisimama nyuma ya kiti cha mama mkwe wake, mkono begani kwake, kama mlinzi.

Aliyetoka ni mumewe, Agustino, tena kwa upole. Asubuhi hiyo alikuwa amembeba mama yake mgongoni, kutoka kijijini kwao, mlimani juu ya Matombo, hadi barabarani kwenye lori. Pale mjini, kwenye zahanati ya Mwembesongo, wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walimwona akimpangusa mama vumbi miguuni. "Mungu akuzidishie, baba," mmoja alimwambia.

Miaka hiyo zahanati za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa kila mtaa, na hii ilileta kutoka Dar mashine ya kupima mifupa, ndogo kama redio. Kisigino kinapakwa jeli, kinaingizwa, mawimbi ya sauti yanapita ndani ya mfupa na kuonyesha kama umedhoofika. Mama Filomena alikuwa amevunjika mkono, mbavu, kisha mkono wa pili, yote ndani ya mwaka. Anaangukaanguka, walisema. Uzee.

"Shikamoo, bibi. Unaangukia wapi?"

Filomena alitazama mlango. "Marahaba. Huko huko nyumbani."

"Mpime tu, nesi," Modesta alidakia. "Mimi ndiye niliyetaka apimwe."

Shamsia alipima. Akarudia. Akabadili mguu. Mifupa ilikuwa imara kama ya msichana. Mifupa ya namna ile haivunjiki kwa kujikwaa uani. Inavunjwa.

"Ni mizima, siyo?" aliuliza Modesta.

Shamsia alimwangalia: uso mkavu, vidole vimelibana bega la mzee. Hasira zikampanda. Alitoka bila kumjibu, akamvuta Agustino pembeni.

"Kaka yangu, mama hana ugonjwa wa mifupa. Kuna mtu anampiga. Usimwache tena na mkeo, hata siku moja."

Agustino alijishika kichwa, machozi yakamlengalenga. "Ndani ya nyumba yangu, nesi?"

Hakupiga kelele. Alimwambia mkewe abaki mjini kwa dada yake, asikanyage tena kule mlimani. Kisha akachuchumaa, akampandisha mama mgongoni. Filomena hakumshika mwanawe shingoni. Mikono yake ilining'inia tu.

Shamsia aliwasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona. Alipogeuka alimkuta Modesta ameketi sakafuni, kanga imemteleza, mgongo wote makovu.

"Nesi," alisema Modesta, "mimi ndiye ninayelala mlangoni kwa mama, ili mwanawe akija aanze na mimi. Leo atalala nani?"